Jogoo Niliyemla Mabira

Tangu nirudi mmeniuliza mara ngapi? Kwanza mliniuliza dukani, nikasingizia mafua. Kisha kwenye harusi ya binti wa Mwinyi, sinia la pilau lilipotua katikati yetu na paja la kuku likasukumwa upande wangu kama kawaida, nikalirudisha, nanyi mkatazamana. Hamadi kakataa kuku! Nimeona bora niandike yote mara moja, mpitishiane, mniache nipumue.

Mnajua nilikwenda Kyerwa kwa kazi ya mfuko wetu wa elimu, huu tuliouanzisha sisi wenye maduka hapa Kayanga ili kila mwaka tumsomeshe mtoto mmoja chuoni. Maombi yalikuja mengi, kamati ikachuja, wakabaki watatu: msichana wa Mabira aliyepata nafasi ya uuguzi, kijana wa Songambele aliyepata ufundi umeme, na kijana wa Bugomora, wa ufundi magari. Ufadhili ni wa mmoja. Ikabidi mtu aende akaone ni nani mwenye shida kweli, nami nikajitolea. Sikujitolea kwa wema peke yake. Fomu ya ukaguzi niliitunga mimi, nilitaka kuiona ikifanya kazi. Mnakumbuka nilivyojigamba nayo kwenye kikao. Nilisema, mtu ukimwuliza hali yake atakujibu anavyotaka, lakini ukihesabu viti vyake, ukatazama chai yake inatoka kwenye chombo gani na anafuga nini, nyumba itakujibu yenyewe. Mkanipigia makofi. Laiti mngenizomea.

Kayanga hadi Nkwenda

Nilipata lifti kwenye Fuso la ndizi lililokuwa likienda tupu kufuata mzigo. Dereva aliniambia tunaondoka saa mbili asubuhi. Saa mbili kamili tukaondoka, nikamsifu, na muda si muda tukasimama Omurushaka, tukakaa pale mpaka adhuhuri ikapita. Dereva alikuwa anasubiri mabati ya mtu. Mwenye mabati alikuwa anamsubiri fundi wake aje kuyakagua. Fundi alikuwa msibani.

Kule mbele tulikuwa watatu: dereva, mimi, na mama mmoja mwenye kopo la senene wa kukaanga mapajani. Alinikaribisha, tukatafuna kwa raha, nikamsimulia habari za mitumba inavyoua biashara ya vitambaa, akanipa pole. Kisha nikafungua faili langu nipitie majina. Mama akafunika kopo lake, akasogea mpaka mlangoni.

"Baba, kumbe wewe ni wa mikopo?"

"Mikopo gani?"

"Hii ya kausha damu. Mnakuja na mafaili hivi hivi, mnahesabu vitu vya watu. Dada yangu mlimchukulia mpaka kitanda."

Nikacheka, nikamweleza habari yote: watoto watatu, ufadhili wa mmoja, na fomu yangu. Alisikiliza vizuri. Alifungua kopo tena, lakini hakurudi karibu.

"Kwa hiyo unakwenda kuchagua aliye maskini zaidi."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa kuhesabu vitu."

"Kwa kuhesabu vitu."

"Na wao wanajua kwamba unahesabu?"

Nikamwambia hawajui, na hapo ndipo penye ujanja wake, maana wangejua wangevificha. Nilisema hivyo nikijisikia mjanja sana. Mama akatazama nje, akasema, "Haya. Kazi hiyo mimi nisingeiweza." Alishuka kabla hatujafika Nkwenda, na dereva akaniambia amesahau kuniaga. Sidhani kama alisahau.

Nkwenda hadi Mabira

Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na chapati ngumu, nikampata mwendesha bodaboda aliyeitwa Projestus, mtu mzima mwenye watoto wanne na koti la mvua la njano ambalo hakulivua siku zote tulizokuwa pamoja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sehemu nyingine nilishuka nikasukuma, na kanzu yangu, ambayo Zuhura alinikataza kuivaa, ikageuka rangi mpaka magotini. Mke wangu akisema jambo huwa linatokea, mnajua.

Tulifika kwa Mama Jovitha karibu na saa tano. Ni mjane, nyumba yake iko juu ya njia ya miguu, migomba pande zote. Alikuwa amesimama mlangoni amevaa kitenge kipya, na nyuma yake wanawake watatu wanne wakihangaika na masufuria.

"Shikamoo mzee wetu. Karibu, karibu sana waitu." Hilo "waitu" ni neno lao la kukuhesabu kuwa mmoja wao. Nimezaliwa Kayanga, babu yangu alikuja kutoka Pangani na mzigo wa kaniki, na Kinyambo changu ni cha kuuzia nguo tu, lakini neno hilo hunifurahisha kila ninapoitwa.

Ndani sakafu nzima ilikuwa imetandazwa nyasi mbichi, ndefu, laini, zenye harufu nzuri ajabu. Palikuwa na viti sita vyeupe vya plastiki, vyote vya aina moja. Mezani ilisimama chupa kubwa nyekundu ya chai yenye maua, na vikombe juu ya visahani. Nikakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, nikaletewa kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Nilitafuna huku nikitupa macho. Sita, nikasema moyoni. Chupa ya chai, ndiyo.

Kisha nikasikia kuku akilia nyuma ya nyumba. Nikaanza kuandaa maneno yangu ya kukataa bila kuudhi, kama ninavyofanya siku zote nikiwa kwenye nyumba za Wakristo. Mama Jovitha aliniwahi.

"Usiwe na wasiwasi. Tumemwita Mzee Abdu wa kule senta aje amchinje. Tumemtuma mtu tangu alfajiri."

Kweli, mzee wa Kiislamu alitokea mlango wa nyuma, miguu yote matope, akanipa salamu alekum, akanawa mikono, akaondoka zake kabla ya chakula kwa sababu alikuwa na mgonjwa nyumbani. Wamemtoa mtu mzima senta, kwenye utelezi ule, ili mimi nile kuku. Nusura nitoe machozi, na bado kalamu yangu haikusita.

Nilikula, ndugu zangu. Ndizi laini, mchuzi mzito, jogoo aliyeiva mpaka mifupa inaachia. Firigisi waliniwekea pembeni kwenye kisahani chake, heshima ya mgeni mkubwa. Niliwaambia wenyeji tule pamoja, wakasema wao walikula mapema. Nikaamini, tena kwa haraka, kwa kuwa sahani ilikuwa imejaa.

Jovitha ndiye aliyeninawisha mikono. Ni msichana mwembamba, anaongea taratibu, hakuinua macho mpaka nilipomwuliza kwa nini anataka uuguzi.

"Baba alipougua tulimpeleka zahanati tumembeba," alisema. "Nesi alikuwa mmoja na wagonjwa wengi. Mimi ndiye niliyemshikia dripu usiku ule. Alinifundisha namna ya kutazama ile inavyodondoka. Tangu hapo naenda kila Jumamosi kumfagilia, ananiacha nitazame kazi."

"Anakulipa?"

"Hapana. Ananiacha nitazame."

Akanitolea vyeti vyake kutoka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba, na barua ya chuo. Chuo kilikuwa kinasubiri barua ya mfadhili mpaka mwisho wa wiki ile, baada ya hapo nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Alikuwa amesubiri miaka miwili kupata barua ile. Yote hayo niliyasikia. Nikavaa miwani, nikaandika: viti, sita. Chombo cha chai, chupa kubwa. Mifugo, kuku. Mlo, nyama. Na chini kabisa, mahali pa maoni ya mkaguzi, kwa mwandiko wangu huu mnaousifia: "Familia inajiweza kiasi."

Nilipoondoka walinisindikiza mpaka barabarani, wanawake wote wale, na kunifungia mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki.

Mabira hadi Songambele

Nililala senta. Ratiba ilikuwa Jumatano niende Bugomora na Alhamisi Songambele, na wenyeji wote walikuwa wamepelekewa habari hivyo. Asubuhi Projestus alikuja na koti lake la njano akasema njia ya Bugomora kalavati limezolewa na maji, vijana wanalijaza mawe, labda kesho.

"Basi twende Songambele leo."

"Wanakutegemea leo?"

"Wananitegemea kesho. Kwani kuna tofauti gani?"

Njiani nikapapasa mfuko, miwani hakuna. Nikakumbuka niliiacha juu ya meza ya Mama Jovitha, karibu na ile chupa ya chai. Bila miwani hiyo sisomi hata bei. Nilinung'unika njia nzima, na Projestus, kwa kutaka kunifurahisha, akaongeza mwendo, tukateleza tukalala kwenye tope wote wawili na pikipiki juu. Hatukuumia, ila mkungu wa ndizi ulisambaa, na mbuzi wa mtu wakaufaidi.

Kwa hiyo nilifika kwa akina Deogratias nikiwa mchafu, nina njaa, na nina kisirani. Hapakuwa na mtu mlangoni. Ndani, juu ya mkeka, alilala baba yake, Mzee Felisiani, aliyeanguka kutoka juu ya lori la ndizi na tangu hapo mgongo haumwinui. Mke hayupo, alikwishatangulia mbele ya haki. Mzee aliponiona alijaribu kuinuka, akashindwa, uso ukamwiva kwa aibu.

"Tuliambiwa kesho, mzee," alisema. "Tuliambiwa Alhamisi. Viti tumeahidiwa kesho."

Mimi nilidhani ni maneno ya mgonjwa, nikamwambia asijali. Deo akaitwa, akaja mbio kutoka kwenye kibarua cha kuponda kokoto, vumbi mpaka kwenye kope. Akanivutia gogo nikalikalia. Akachemsha viazi vitamu viwili, akanipa kimoja, cha pili akammenyea baba yake. Sikumwona yeye akila, na safari hii sikuambiwa kwamba alikula mapema.

Kwa kuwa sikuwa na miwani, nilimpa Deo fomu asome mwenyewe kwa sauti na kuijaza.

"Viti vingapi," akasoma.

"Andika vinne," akasema baba yake kutoka mkekani.

"Baba, hatuna viti."

"Andika vinne! Unataka mzee akasimulie Kayanga kwamba tumemkalisha kwenye gogo?"

Deo akanitazama. Nikatikisa kichwa, akaandika hakuna. Chombo cha chai, hakuna. Mifugo, hakuna, na hapo Mzee Felisiani akageukia ukutani akakataa kusema tena. Mimi nikatabasamu. Niliona ni kiburi cha mtu mzima aliyevunjika, nikamwonea huruma, nikaona fomu yangu sasa ndiyo imefika mahali pake. Sikujiuliza kwa nini mtu anayeomba msaada aongeze viti badala ya kuvipunguza. Swali hilo lilikuwa limelala mbele yangu kwenye mkeka, nami nilikuwa nawaza chakula cha jioni.

Songambele hadi Bugomora

Kalavati lilikuwa limejazwa mawe lakini tulikaa foleni nyuma ya lori lililokwama tangu asubuhi hadi baada ya saa sita. Kila mtu pale alikuwa na njia yake ya kulitoa na alitaka ifuatwe ya kwake. Projestus aliuza maoni mawili, yote yakakataliwa.

Bugomora nilikwenda bure. Nyumbani kwa kijana wa tatu nilimkuta bibi yake peke yake, anaanika maharage kwenye turubai. Nilimsalimia, nikamwuliza mjukuu.

"Ameshavuka kwenda Uganda kuchuma kahawa," alisema. "Wiki ya tatu sasa."

"Lakini aliomba ufadhili. Jina lake limepita."

"Aliomba, baba. Aliomba kwa watu wengi. Alisubiri, akachoka." Alisema bila kulaumu, akiendelea kuyageuza maharage. Kisha akaniuliza kama inawezekana ufadhili huo apewe mtoto mwingine wa hapo jirani, kwa kuwa nimeshatoka mbali. Nikasema haiwezekani. Akasema haya, akanipa maji ya kunywa.

Simu ilikuwa haishiki mpaka nikapanda kilimani, na nilipofika juu ikanikaribisha Uganda. Ikabidi nizunguke zunguke na mkono juu mpaka irudi Tanzania, nikampata katibu wetu, Nestori, huyu wa duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa ofisini na barua ya ufadhili tayari, anasubiri jina. Alhamisi jioni ndiyo ilikuwa mwisho wetu.

"Nipe jina, Hamadi."

"Deogratias wa Songambele. Baba amelala, hawana hata kigoda."

"Na yule binti wa uuguzi? Vyeti vyake vizuri kuliko vya wote."

Sasa nayaandika haya maneno kama nilivyoyasema, kwa sababu bila hayo hamtaelewa lolote. Nilisema, "Aa, kule wanakula kuku. Wana viti kunizidi mimi." Nestori akacheka, nami nikacheka, kila mmoja upande wake wa simu. Akasema anapeleka jina saa ile ile.

Kurudi Mabira kuchukua miwani

Ijumaa nilitaka kuwahi swala Kayanga, lakini miwani ni miwani. Nikamwambia Projestus tupitie Mabira, dakika tano tu.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba. Dirisha lilikuwa wazi, nikachungulia. Nyasi zilikuwa zimekauka, zimegeuka njano. Viti havipo. Meza haipo. Palikuwa na kigoda kimoja na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba, basi. Kwanza nilidhani nimekosea nyumba. Halafu, mnisamehe, nilidhani wameibiwa, nikaanza kupiga kelele za kuita jirani.

Jirani alitokea kwenye migomba yake na panga mkononi, mzee mchangamfu anayeitwa Kamuhanda. Akanitambua mara moja, ingawa mimi sikuwahi kumwona.

"Mgeni wetu! Unawatafuta wenyewe? Wako huku kwangu, wanalima."

"Wamepata kibarua?"

"Kibarua?" Akacheka. "Wanalimia jogoo."

Nikamwuliza jogoo gani. Akaniangalia kama mtu anayetaniwa.

"Jogoo uliyemla, mzee. Alikuwa wangu. Mama Jovitha alikuja kuniomba, tukakubaliana wanilimie siku nne, yeye na mtoto. Leo ya tatu. Jogoo mzuri yule, sivyo?"

Nilimwuliza kuhusu viti. Viti vya kigango, alisema, vimerudishwa jioni ile ile kwa sababu kulikuwa na sala. Chupa ya chai ya mke wa mwalimu mkuu. Vikombe vilitoka nyumba tatu, ndiyo maana wale wanawake walikuwepo, kila mmoja analinda vyake. Meza ya Kamuhanda mwenyewe. Nyasi walikwenda kuzikata kina mama wa jumuiya, bondeni, kwenye mvua. Alinihesabia kwa furaha, kwa kuwa alikuwa anasimulia jambo ambalo kijiji kizima kililifanya vizuri.

"Lakini kwa nini?" nikasema. Ndiyo, niliuliza swali hilo kwa mdomo wangu.

"Mtu anakuja kumsomesha mtoto wetu," alisema Kamuhanda, na kicheko kikamwisha. "Ungekuwa wewe, ungemkalisha chini?"

Hapo ndipo Mzee Felisiani aliponirudia akilini, na viti vyake alivyoahidiwa kesho. Ningefika Songambele Alhamisi kama nilivyosema, ningekalia kiti, ningekunywa chai kwenye kikombe chenye kisahani, labda na kuku angekuwepo, na fomu yangu ingeandika vilevile. Hakuna aliyekuwa maskini kumzidi mwenzake. Kalavati ndilo lililochagua, na mimi nikapiga simu.

Mama Jovitha alikuja kutoka shambani akikimbia, na aliponifikia akanipa kiwiko nishike kwa sababu viganja vyote vilikuwa udongo. Jovitha nyuma yake, jembe begani. Aliingia ndani akatoka na miwani yangu ndani ya ule mfuko wa nailoni wa vyeti, imefungwa na ile raba. Vyeti alikuwa ameviweka pembeni ili miwani isikwaruzike.

"Nilitaka kuileta Kayanga Jumapili," alisema. "Nilishaanza kuulizia lifti."

Niliwaomba dakika moja. Nikateremka mpaka kwenye duka la njiani ambako simu hushika, nikampigia Nestori, nikamweleza nusu nikilia.

"Jina limeshakwenda, Hamadi. Chuo cha Deo wamejibu, chuo cha huyu binti nimewaambia hatuna mtu. Unataka nifanye nini? Nimnyang'anye yule uliyeniambia baba yake amelala mkekani?"

Deo anastahili. Najua pia mtasema ningemsomesha binti mwenyewe. Duka langu mnalijua, mmeniona mwaka huu nikiuza kabati la vioo. Nilipiga hesabu kichwani pale pale njiani, nikazipiga tena, na nikapanda kilima kurudi mikono mitupu.

Wakati niko chini, Mama Jovitha alikuwa amenawa na kuazima kiti kimoja. Sijui alikitoa wapi kwa muda ule. Nilikataa kukaa, nikaona nimemwumiza, nikakaa. Nikatia mkono mfukoni nitoe chochote kwa ajili ya jogoo, angalau ile siku ya nne wapumzike. Akairudisha mikono yake nyuma.

"Mgeni alipie alichokula? Usitufanyie hivyo, waitu."

Basi nikawaambia. Nikasema nafasi ilikuwa moja, na imekwenda kwa mwingine, na kamati inawapa pole. Nilikuwa nimekusudia kuwaambia ukweli wote, kwamba jogoo ndiye aliyewaharibia, jogoo na viti na nyasi zile nzuri, kwamba wangenikalisha chini na kunipa maji leo hii mtoto angekuwa anafunga sanduku. Nilifungua mdomo. Nikatazama udongo chini ya kucha za yule mama, na siku moja iliyokuwa imebaki, na ulimi ukanigomea. Nilikuwa mwoga. Siitafutii jina jingine.

Jovitha hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayetaka kujua tu, "Mzee, labda nyama ilikuwa haijaiva?"

"Iliiva," nikasema. "Iliiva vizuri sana."

"Au hatukukaribisha vizuri?"

Mama yake akamgusa bega anyamaze, akaingia ndani, akatoka na kahawa za kutafuna zimefungwa kwenye jani la mgomba kwa ajili ya Zuhura, mke wangu, ambaye hawajawahi kumwona. Wakanisindikiza tena mpaka barabarani, safari hii wawili tu. Projestus alikwisha kuwasha pikipiki. Mama Jovitha aliinama kunitengenezea kanzu isiguse tairi, na alipoinuka alikuwa anatabasamu, kwa kunitia moyo mimi.

"Uwaambie wakubwa tumesikia, hatukukasirika," alisema. "Mwakani ukija tupe habari mapema kidogo. Kuku ni kitu kidogo, tunajua. Tutatafuta mbuzi."